Upimaji wa bayasi na ofseti katika amplifaya ya gitaa la besi

Upimaji wa bayasi na ofseti ni ukaguzi wa umeme unaofanywa ndani ya amplifaya wakati imewashwa lakini hakuna muziki unaopigwa. Katika amplifaya ya gitaa la besi ukaguzi huu una vipimo viwili. Cha kwanza ni ofseti, yaani volti ya mkondo mnyoofu inayobaki kwenye matundu ya spika ambako inatakiwa kuwa karibu na sifuri. Cha pili ni bayasi, yaani mkondo mdogo unaopita katika transista za mwisho hata amplifaya ikiwa kimya.

Vipimo hivi viwili huchanganywa mara nyingi, lakini hupimwa mahali tofauti na huonyesha mambo tofauti. Ofseti mbaya huunguza spika. Bayasi mbaya huharibu sauti au huunguza transista. Amplifaya inaweza kuwa na kimoja kizuri na kingine kibaya, kwa hiyo kupima kimoja pekee hakutoshi.

Makala hii inaeleza vipimo hivyo pamoja na mazingira ya Njombe na Makambako, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Baridi na mwinuko wa miji hiyo huathiri moja kwa moja namna bayasi inavyopimwa.

## Misingi

Umeme wa betri huenda upande mmoja tu na huitwa mkondo mnyoofu. Mafundi huuita DC. Umeme wa gridi hubadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde na huitwa mkondo geu, au AC. Sauti inayotoka kwenye gitaa nayo ni mkondo geu: hupanda juu ya sifuri na kushuka chini yake, na karatasi ya spika huifuata kwa kwenda mbele na kurudi nyuma.

Amplifaya nyingi za transista zina njia mbili za umeme wa ndani, moja chanya na nyingine hasi, kwa mfano +40 V na −40 V. Mwishoni mwa saketi kuna transista zinazofanya kazi kwa jozi. Moja husukuma mkondo kwenye spika wakati wimbi liko juu ya sifuri, na nyingine huuvuta wakati wimbi liko chini ya sifuri. Mpangilio huu huitwa daraja B, au daraja AB ikiwa transista zote mbili hupitisha mkondo kidogo hata wakati wa ukimya.

### Bayasi

Transista ya silikoni haianzi kupitisha mkondo wa maana mpaka volti kati ya beisi na emita yake ifike takribani 0.6 V. Kama jozi ya mwisho haina bayasi, kuna nafasi karibu na sifuri ambapo transista zote mbili zimelala. Wimbi linapopita hapo hukatika, na sauti hupata mkwaruzo unaoitwa upotofu wa makutano. Mkwaruzo huo husikika zaidi katika sauti ndogo kuliko katika sauti kubwa, kwa sababu wimbi dogo hutumia sehemu kubwa ya safari yake karibu na sifuri. Kwenye gitaa la besi dalili yake ni noti inayoanza vizuri, kisha inapofifia huwa kama inakwaruza.

Bayasi huondoa nafasi hiyo kwa kuziweka transista zote mbili macho kidogo. Ikizidi, transista hupata moto bila kufanya kazi yoyote. Kwa mfano, mkondo wa miliampea 50 ukipita kati ya +40 V na −40 V, yaani tofauti ya volti 80, jozi hiyo hutoa joto la wati 4 wakati wote amplifaya iko kimya. Mkondo ukifika miliampea 500, joto hufika wati 40.

### Ofseti

Katika hali nzuri, matundu ya spika huwa na volti 0 wakati hakuna muziki. Kwa kuwa vipuri havilingani kikamilifu, hubaki volti ndogo, kwa kawaida milivolti chache hadi makumi kadhaa. Hiyo ndiyo ofseti.

Spika yenye maandishi ya omu 8 huwa na ukinzani wa karibu omu 6 inapopimwa kwa mkondo mnyoofu. Kwa hesabu ya Ohm, ofseti ya milivolti 50 hupitisha miliampea 8 tu kwenye koili, jambo lisilo na madhara. Lakini transista ya mwisho ikifa kwa kushikana, njia nzima ya 40 V huingia kwenye spika. Hapo mkondo hufika karibu ampea 6.7, na koili hupokea zaidi ya wati 260 za joto tupu. Karatasi ya spika husukumwa upande mmoja na kubaki huko, koili haipati upepo wa kuipoza, na inaweza kuungua kwa muda mfupi sana. Moshi na hata moto vinaweza kutokea.

## Umuhimu kwa gitaa la besi

Waya mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne hutoa noti yenye marudio ya karibu 41 Hz, na lile la nyuzi tano hushuka hadi karibu 31 Hz. Mkondo mnyoofu ni sawa na marudio ya 0 Hz, kwa hiyo amplifaya ya besi hufanya kazi jirani kabisa na mkondo usiotakiwa.

Njia rahisi ya kuzuia mkondo mnyoofu ni kuweka kapasita kati ya amplifaya na spika. Amplifaya za zamani zenye njia moja tu ya umeme zilifanya hivyo. Lakini ili kapasita iruhusu marudio ya chini hadi 20 Hz kwenye spika ya omu 4, inatakiwa kuwa na takribani mikrofaradi 2,000. Kwa sababu hiyo amplifaya nyingi za baadaye huunganisha transista na spika moja kwa moja. Kukiwa na hitilafu, hakuna kitu katikati isipokuwa saketi ya ulinzi, kama ipo.

Besi pia huhitaji karatasi ya spika iende mbali mbele na nyuma. Ofseti kubwa huihamisha karatasi kutoka katikati yake, hivyo upande mmoja hubaki na nafasi ndogo. Spika hugonga mwisho wake mapema, hata kabla haijaungua.

## Vifaa na usalama

Vifaa vinavyotumika kwa kawaida ni hivi:

* maltimita yenye kipimo cha milivolti 200 za mkondo mnyoofu, inayoweza kuonyesha sehemu ya kumi ya milivolti;
* waya za kupimia zenye vibanio, ili mikono isiwe ndani ya saketi wakati umeme umewashwa;
* bisibisi ndogo yenye mpini wa plastiki;
* kipimajoto, au angalau saa ya kuhesabu dakika;
* rezista ya omu 1,000 hadi 2,000 yenye uwezo wa wati 5 au zaidi, ya kutolea umeme uliobaki kwenye kapasita;
* balbu ya nyuzi, ya wati 60 hadi 100, iliyofungwa mfululizo na waya wa umeme wa amplifaya;
* mchoro au kitabu cha ufundi cha amplifaya husika.

Balbu hutumika wakati wa kuwasha kwa mara ya kwanza baada ya matengenezo. Kama kuna mshikano ndani, balbu huwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, na amplifaya huokolewa. Kama hali ni nzuri, balbu humulika mara moja kapasita zinapojaa, kisha hufifia. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii, kwa sababu haibadili ukinzani wake kama balbu ya nyuzi.

Umeme wa gridi ya Tanzania ni wa 230 V na 50 Hz. Ndani ya amplifaya umeme huo upo kwenye swichi, fyuzi na transfoma hata kama sehemu nyingine zina volti ndogo. Kapasita za kuhifadhia umeme nazo hubaki zimejaa baada ya kuzima. Kapasita ya mikrofaradi 10,000 iliyojazwa hadi 40 V huhifadhi jouli 8, kiasi cha kutosha kuyeyusha ncha ya bisibisi. Kwa hiyo fundi huzima, huchomoa waya ukutani, hutoa umeme wa kapasita kwa rezista, kisha hupima kuhakikisha kuwa umekwisha ndipo aguse kitu.

Mwanafunzi aliyesoma transista katika fizikia ya sekondari anaweza kuelewa hesabu zote za makala hii. Hata hivyo, kufungua amplifaya iliyounganishwa na umeme ni kazi ya mtu aliyefundishwa, na haifanywi akiwa peke yake.

## Kupima ofseti

Ofseti hupimwa kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua kama ni salama kuunganisha spika. Hatua zake ni hizi:

1. Spika huondolewa kwenye amplifaya ya transista.
2. Gitaa huchomolewa na vitufe vya sauti hushushwa hadi sifuri.
3. Maltimita huwekwa kwenye mkondo mnyoofu, kwanza katika kipimo kikubwa kama 200 V.
4. Vibanio hufungwa kwenye matundu ya spika wakati amplifaya imezimwa.
5. Amplifaya huwashwa. Namba ikiwa ndogo, kipimo hushushwa hatua kwa hatua hadi milivolti.
6. Namba husomwa mara baada ya kuwasha, kisha tena baada ya dakika 15 hadi 30.

Kuanza na kipimo kikubwa kuna faida: kama kuna volti 40 mahali pa milivolti 40, fundi huiona mara moja. Mtu anayetazama tarakimu pekee bila kutazama kipimo anaweza kuzichanganya.

Kitabu cha ufundi cha amplifaya ndicho chenye neno la mwisho. Pale kisipopatikana, mafundi wengi hutumia mwongozo huu:

* chini ya milivolti 20: nzuri sana;
* milivolti 20 hadi 50: inakubalika;
* milivolti 50 hadi 100: inahitaji kufuatiliwa;
* zaidi ya milivolti 100: chanzo kitafutwe kabla ya kuunganisha spika;
* volti kadhaa au zaidi: spika isiunganishwe kabisa.

Namba inayotembea au kurukaruka ni dalili yenyewe, hata kama ni ndogo. Mara nyingi huonyesha lehemu iliyopasuka, kapasita inayovuja au trimpoti iliyochakaa. Trimpoti ni potenshomita ndogo ya ndani inayogeuzwa kwa bisibisi.

### Sifuri ya uongo

Amplifaya nyingi zina rilei ya ulinzi kati ya transista na matundu ya spika. Rilei hufunga sekunde chache baada ya kuwasha, ikiwa saketi ya ulinzi imeridhika kwamba hakuna mkondo mnyoofu. Kama kuna hitilafu, rilei hukataa kufunga, na mlio wake wa "tak" hausikiki.

Hapo maltimita iliyowekwa kwenye matundu ya spika husoma sifuri, kwa kuwa haijaunganishwa na kitu. Fundi asiyejua anaweza kuandika kwamba ofseti ni nzuri, na pengine kuilaumu rilei na kuiruka kwa waya. Umeme wote hapo huenda kwenye spika. Kwa hiyo ofseti hupimwa pia kabla ya rilei, mahali rezista za emita zinapokutana. Sifuri ya kweli ni ile inayoonekana pande zote mbili za rilei.

Amplifaya yenye kapasita kwenye pato nayo huonyesha sifuri kwenye matundu. Kwa aina hiyo fundi hupima mahali transista zinapokutana, kabla ya kapasita, na hutegemea kupata karibu nusu ya volti ya umeme wa ndani.

## Kupima bayasi

Bayasi haipimwi kwenye matundu ya spika. Hupimwa kwenye rezista za emita, ambazo ni rezista kubwa kidogo zenye ukinzani mdogo, mara nyingi omu 0.22, 0.33 au 0.47. Kila transista ya mwisho huwa na yake. Fundi hupima milivolti kati ya ncha mbili za rezista, kisha hugawanya kwa ukinzani ili kupata mkondo.

| Rezista ya emita | Kwa miliampea 25 | Kwa miliampea 50 |
|---|---|---|
| omu 0.22 | milivolti 5.5 | milivolti 11 |
| omu 0.33 | milivolti 8.3 | milivolti 16.5 |
| omu 0.47 | milivolti 11.8 | milivolti 23.5 |

Jedwali linaonyesha kwa nini namba ya milivolti haiwezi kuhamishwa kutoka amplifaya moja hadi nyingine. Milivolti 11 ni miliampea 50 kwenye rezista ya omu 0.22, lakini ni miliampea 23 tu kwenye rezista ya omu 0.47. Ukinzani wa rezista hizi husomwa kwenye maandishi yake. Maltimita ya kawaida haifai kuupima, kwa sababu waya za maltimita zenyewe zinaweza kuwa na ukinzani unaokaribiana na wa rezista hiyo.

Hatua za kupima ni hizi:

1. Spika hubaki imeondolewa na vitufe vya sauti viko sifuri.
2. Alama huwekwa kwenye trimpoti ili kukumbuka ilivyokuwa. Kama transista za mwisho zimebadilishwa, trimpoti hugeuzwa kwanza upande wa mkondo mdogo kabisa.
3. Vibanio hufungwa kwenye rezista ya emita wakati amplifaya imezimwa.
4. Amplifaya huwashwa na namba ya kwanza huandikwa.
5. Amplifaya huachwa ipate joto lake la kawaida, kisha namba husomwa tena.
6. Trimpoti hugeuzwa kidogo sana kila mara, na fundi husubiri dakika chache kabla ya kugeuza tena.
7. Rezista zote za emita hupimwa moja baada ya nyingine.
8. Ofseti hupimwa upya, kwa sababu kubadili bayasi kunaweza kuisogeza kidogo.

Kushika ncha za kupimia kwa mkono ni hatari kwa amplifaya. Ncha ikiteleza na kugusanisha beisi na kolekta, transista kadhaa zinaweza kufa papo hapo. Ndiyo sababu vibanio hufungwa kabla ya kuwasha.

Bayasi ya mwisho haipangwi wakati balbu ya kinga bado imefungwa mfululizo. Balbu hupunguza umeme unaofika kwenye transfoma, hivyo namba zinazosomwa si zile za matumizi ya kawaida. Balbu huondolewa baada ya kuthibitisha kwamba hakuna mshikano.

## Athari za joto

Volti ya beisi na emita hushuka kwa takribani milivolti 2 kwa kila nyuzijoto moja ya selsiasi inayoongezeka. Transista iliyopata joto huhitaji volti ndogo zaidi ili kupitisha mkondo uleule. Kama volti ya bayasi haipunguzwi, mkondo huongezeka, joto huongezeka, na mkondo huongezeka tena. Mzunguko huo unaweza kuendelea mpaka transista ife.

Ili kuuzuia, wabunifu huweka transista ndogo ya bayasi ikigusana na kipoza joto, yaani bamba la alumini linalobeba transista kubwa. Kipoza joto kikipata moto, transista hiyo nayo hupata moto na kupunguza bayasi. Mfumo hufanya kazi ikiwa tu mguso ni mzuri. Skrubu ikilegea au grisi ya kupitisha joto ikikauka, transista ya bayasi hubaki baridi na kudhani kwamba kila kitu ni baridi.

Ukubwa wa tatizo huonekana kwa hesabu. Kama chumba kina nyuzi 8 na kipoza joto hufika nyuzi 45, tofauti ni nyuzi 37. Kwa milivolti 2 kwa kila nyuzi, hiyo ni milivolti 74 kwa kila makutano ya beisi na emita. Kipimo kinachotafutwa kwenye rezista ya emita ni milivolti kumi hivi tu. Bila mfumo wa kufidia joto, bayasi iliyopangwa kwenye baridi haiwezi kubaki sahihi baada ya nusu saa ya muziki.

### Njombe na Makambako

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ni makao makuu ya Mkoa wa Njombe uliotengwa na Mkoa wa Iringa mwaka 2012. Makambako iko chini kidogo kuliko Njombe, mahali barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya inapokutana na barabara ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo ina kituo Makambako. Kutokana na makutano hayo, vyombo vya muziki vinavyotoka pwani kwenda Njombe kwa barabara hupitia Makambako.

Njombe inajulikana kwa baridi yake, hasa kati ya Juni na Agosti. Mji huo ni makao ya Dayosisi ya Kusini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania na ya Jimbo Katoliki la Njombe. Kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, kwaya za makanisa ni miongoni mwa watumiaji wa gitaa la besi. Ibada za asubuhi huanza wakati vyombo bado vina baridi ya usiku.

Mambo manne ya mazingira hayo huathiri upimaji:

* Asubuhi baridi. Amplifaya iliyopangwa Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 inaweza kuwashwa Njombe kwenye nyuzi 10. Kama haifidii joto vizuri, bayasi huwa ndogo mno mwanzoni, na besi hukwaruza katika nyimbo za kwanza, kisha husafika yenyewe inapopata joto. Fundi akiongeza bayasi asubuhi hiyo kwa sababu ya mkwaruzo, huenda transista zikazidiwa ifikapo mchana. Njia sahihi ni kuiacha amplifaya ipate joto kwanza, ndipo ipimwe.
* Hewa nyepesi. Kwenye mita 2,000 hewa ina uzito wa takribani asilimia 80 ya ule wa usawa wa bahari. Kipoza joto hutegemea hewa kubeba joto, hivyo kila ujazo wa hewa hubeba kidogo zaidi. Baridi ya hewa hufidia upungufu huo mara nyingi, lakini si ndani ya ukumbi uliojaa watu au katika kasha la amplifaya lililofunikwa kwa kitambaa.
* Unyevu. Amplifaya iliyolala kwenye gari baridi ikiingizwa ukumbini penye watu wengi, mvuke huganda juu ya chuma na saketi kama unavyoganda kwenye kioo cha dirisha. Kipimo cha ofseti kinaweza kuyumba mpaka ikauke. Huachwa bila kuwashwa mpaka ifikie joto la chumba.
* Safari. Mtikisiko wa barabarani hupasua lehemu za vipuri vizito, hasa rezista za emita, kapasita kubwa na matundu ya spika. Kagua hizo kwa macho kabla ya kulaumu transista.

Kwa hiyo maelezo ya fundi wa nyanda za juu hufaa kuwa na namba tatu: milivolti zilizosomwa, joto la chumba wakati wa kupima, na dakika ambazo amplifaya ilikuwa imewashwa. Bila hizo mbili za mwisho, namba ya kwanza haiwezi kulinganishwa na ya fundi mwingine.

## Amplifaya za vali

Amplifaya za besi zenye vali za utupu zina kanuni tofauti. Mfano unaojulikana ni Ampeg SVT ya Marekani, iliyotolewa mwaka 1969 ikiwa na wati 300. Katika aina hii transfoma ya pato hutenganisha vali na spika, na transfoma haipitishi mkondo mnyoofu. Kwa sababu hiyo ofseti kwenye spika si tatizo la kawaida.

Bayasi yake ni volti hasi inayowekwa kwenye gridi ya vali, au volti inayotokana na rezista ya kathodi. Mkondo hupimwa kwa rezista ya omu 1 kwenye kathodi, ambapo kila milivolti 1 ni miliampea 1. Kwa vali ya 6L6GC, yenye kikomo cha wati 30 kwenye anodi, volti ya anodi ikiwa 450, kikomo ni karibu miliampea 67. Desturi ya mafundi katika daraja AB ni kutozidi asilimia 70 ya kikomo, yaani karibu miliampea 47. Mkondo wa kathodi hujumuisha pia kiasi kidogo cha mkondo wa gridi ya pili.

Kuna tofauti mbili ambazo mtu aliyezoea transista hupaswa kuzikumbuka. Kwanza, volti za ndani hufika mamia kadhaa na zinaweza kuua, hata dakika kadhaa baada ya kuzima. Pili, amplifaya ya vali haichezeshwi bila spika au rezista kubwa ya kuigiza spika, kwa sababu transfoma ya pato inaweza kuharibika. Amplifaya ya transista hupimwa bila spika. Ya vali hupimwa ikiwa na mzigo.

## Amplifaya za daraja D

Amplifaya nyingi nyepesi za besi za sasa ni za daraja D. Transista zake hufanya kazi kama swichi, zikiwaka na kuzima mara laki kadhaa kwa sekunde, na kwa kawaida hazina trimpoti ya bayasi ya kurekebisha. Ofseti bado hupimwa.

Baadhi yake, pamoja na baadhi ya amplifaya za daraja AB, zina pato la daraja-mbili, ambapo tundu lolote la spika haliko kwenye sifuri ya saketi. Kila tundu linaweza kuwa na nusu ya volti ya umeme wa ndani bila hitilafu yoyote. Ofseti ya aina hii hupimwa kati ya matundu mawili, si kati ya tundu moja na chuma cha kasha. Kuunganisha tundu lolote na kasha kunaweza kuiua amplifaya.

## Vyanzo vya kawaida vya vipimo vibaya

* Ofseti ya makumi hadi mamia ya milivolti: transista mbili za kuingilia hazilingani, au kapasita ya njia ya mrejesho inavuja.
* Ofseti inayobadilika kitufe cha sauti kikigeuzwa: kapasita ya kuingilia inavuja na kupitisha mkondo mnyoofu kutoka hatua iliyotangulia.
* Ofseti karibu sawa na umeme wa ndani: transista ya mwisho imeshikana, au fyuzi ya njia moja ya umeme imekatika.
* Bayasi ya sifuri: rezista ya emita imekatika, transista imekatika, au transista ya bayasi imeshikana.
* Bayasi inayopanda bila kusimama: transista ya bayasi haigusani na kipoza joto, au trimpoti imekatika ndani.
* Rezista za emita zenye namba zinazotofautiana sana: transista za jozi hazilingani, au moja imebadilishwa kwa aina nyingine.

Fyuzi iliyokatika haibadilishwi kwa kubwa zaidi. Fyuzi hukatika kwa sababu kuna kitu kimeshikana, na fyuzi kubwa huhamishia madhara kwenye transfoma na spika.

## Baada ya upimaji

Vipimo vyote viwili vikiwa vizuri, amplifaya huzimwa na spika ya majaribio ya bei ndogo huunganishwa kwanza. Wakati wa kuwasha, karatasi ya spika hutazamwa. Mshtuko mdogo wa mara moja ni wa kawaida; karatasi inayosogea upande mmoja na kubaki huko ni ishara ya kuzima mara moja. Baadaye gitaa hupigwa kwa sauti ndogo, noti moja ikiachwa ififie hadi mwisho, ili kusikiliza kama kuna mkwaruzo.

Baada ya nusu saa ya kupiga, kipoza joto hukaguliwa na bayasi husomwa kwa mara ya mwisho. Namba huandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya kasha pamoja na tarehe na joto la chumba, ili fundi atakayefuata ajue pa kuanzia.

## Tazama pia

* Amplifaya
* Gitaa la besi
* Transista
* Sheria ya Ohm
* Mkondo wa umeme
* Njombe
* Makambako